Mzunguko Gani? Nitajie Jina Lake

Kuna sentensi moja ambayo imenichosha masikio. Utaisikia ndani ya matatu mvua ikinyesha mwezi usio wake. Utaisikia hotelini watu wakingoja chai. Siku hizi utaipata pia kwenye WhatsApp, imepambwa kwa mchoro wa rangi rangi: "Tabianchi imekuwa ikibadilika tangu dunia iumbwe. Huu ni mzunguko wa asili tu."

Sentensi hiyo ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Nusu ya pili ni uvivu. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba wengi wanaoirudia ni watu wa fani yangu, waandishi wa programu na mafundi wa mitandao, watu ambao kazini hawangekubali jibu la aina hiyo hata kwa dakika moja.

Hebu fikiria. Seva imeanguka saa nane usiku. Wateja wanapiga simu. Unamuuliza aliye zamu nini kimetokea, naye anakujibu, "Aah, seva huwa zinaanguka. Zimekuwa zikianguka tangu tarakilishi ivumbuliwe." Amesema kweli! Lakini utamfanya nini mtu huyo? Utamwambia afungue rekodi za seva, akague diski, akague umeme, akague mtandao, kimoja baada ya kingine, mpaka chanzo kipatikane. Kwamba mwaka jana panya alitafuna waya haina maana kwamba leo pia ni panya. Panya akitafuna waya huacha meno yake pale.

Basi leo tufanye kazi hiyo hiyo. "Asili" si mshukiwa. Asili ni jina la kijiji kizima. Mimi nataka jina la mtu. Mzunguko upi? Unachukua miaka mingapi? Unaleta joto kutoka wapi? Tuwaite mmoja mmoja.

Mshukiwa wa kwanza: mwendo wa dunia

Huyu ni mzito, na ninamheshimu. Njia ambayo dunia hupita kulizunguka jua hurefuka na kujikunja katika kipindi cha miaka kama 100,000. Mwinamo wa dunia hubadilika kwa kipindi cha miaka kama 41,000, na kuyumba kwake, kama pia inayokaribia kusimama, huchukua miaka kama 23,000. Mserbia Milutin Milanković alizipiga hesabu hizi kwa mkono, sehemu yake akiwa kizuizini Budapest wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuwa na hata kikokotoo. Mwaka 1976 wanasayansi waliopima matope ya chini ya bahari waliona kwamba enzi za barafu zinafuata ratiba hiyo.

Na sisi wa huku tuna ushahidi wake nyumbani. Miaka kama 9,000 iliyopita jua la kiangazi lilikuwa kali zaidi katika nusu ya kaskazini ya dunia, upepo wa mvua ukaingia bara kwa nguvu, Sahara ikawa na majani, na Ziwa Turkana likajaa karibu mita 100 juu ya lilipo leo, hadi likafurika kuelekea bonde la Nile. Miaka kama 5,000 iliyopita mvua zikapungua na ziwa likashuka. Hakuna gari, hakuna kiwanda. Asili yenyewe.

Kwa hiyo ndiyo, mizunguko ipo. Lakini mzunguko una ratiba, na ratiba ya huyu inajulikana. Kwa miaka kama 10,000 sasa, jua la kiangazi la kaskazini limekuwa likipungua. Mwendo wa dunia peke yake ungekuwa unatupoza, tena polepole sana. Dunia ilipotoka katika enzi ya mwisho ya barafu, joto lilipanda kwa digrii 5 au 6 katika muda wa miaka kama 10,000. Gawanya mwenyewe: ni chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii kwa karne. Sisi tumepata zaidi ya digrii moja ndani ya karne moja na nusu, na sehemu kubwa yake imekuja baada ya 1970. Mshukiwa huyu anatembea kwa miguu, na aliyetenda kosa amepita kwa pikipiki. Tena wameelekea pande tofauti.

Mshukiwa wa pili: jua

Hili ndilo kimbilio la wengi. "Jua ndilo linalopasha dunia joto, au sivyo?" Ndivyo. Ndiyo maana watu wakalipima. Tangu 1978 kuna setilaiti zinazopima nguvu ya jua kutoka nje ya angahewa, mahali pasipo na mawingu. Jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka kama 11, na tofauti ya kilele na bonde ni kama asilimia 0.1. Ukiondoa pumzi hiyo ya miaka 11, halijapanda katika muda wote huo. Joto la dunia limepanda.

Na kuna meno ya panya hapa pia. Kama jua ndilo lingekuwa limeongeza moto, angahewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Lakini kama hewa ya ukaa ndiyo inayozuia joto lisitoke, basi huku chini patapata joto na tabaka la juu, stratosfia, litapoa. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald waliandika haya kutokana na modeli ya tarakilishi, kwenye mashine ambayo simu yako ya bei rahisi ingeicheka. Baadaye vipimo vikaonyesha hasa hivyo: chini joto, juu baridi. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021. Wewe ukiandika programu mwaka huu, na miongo kadhaa baadaye matokeo yake yakawa sahihi, utanunulia mtaa mzima nyama choma.

Mshukiwa wa tatu: volkeno

Tumeambiwa eti mlima mmoja ukilipuka unatoa gesi kuliko magari yote ya dunia tangu yaanze kutengenezwa. Si kweli. Volkeno zote za dunia kwa mwaka, za nchi kavu na za chini ya bahari, hutoa hewa ya ukaa isiyofika asilimia moja ya ile itokayo kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma sisi. Mlipuko mkubwa hufanya kinyume: hupoza. Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka Juni 1991, vumbi lake la salfa lilifunika sehemu ya jua. Mapema 1992 kundi la James Hansen wa NASA likachapisha hesabu ya modeli kwamba dunia itapoa kwa karibu nusu digrii kisha irudi. Ikapoa karibu hivyo, ikarudi. Huo ndio mtihani wa modeli: kusema mapema, kisha kungoja.

Mshukiwa wa nne: El Niño na bahari

Huyu sisi tunamjua kwa jina. Mvua za 1997 bado zina jina lake midomoni mwa watu. Pia kuna binamu yake wa Bahari ya Hindi, ambapo maji ya upande wetu hupata joto kuliko ya upande wa Indonesia, na mvua za vuli zikawa gharika. Alikuwepo 1961, 1997, 2019 na 2023. Hawa ni mizunguko ya asili kweli, na wanaua watu kweli.

Lakini angalia wanachofanya. El Niño hachomi kitu. Anahamisha joto, analitoa majini na kulitupa hewani. Ni kama kuhamisha pesa kutoka akaunti ya akiba hadi M-Pesa: unaonekana tajiri kwenye simu, lakini jumla yako haijaongezeka. Kwa hiyo kama bahari ndiyo iliyotupa joto hili, bahari yenyewe ingekuwa imepoa. Tukague basi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna maboya yanayojiendesha, yaitwayo Argo, sasa karibu 4,000, yanayozama hadi mita 2,000 na kurudi juu kutuma vipimo kwa setilaiti. Yanasema nini? Bahari imepata joto. Karibu asilimia 90 ya joto lote la ziada limeingia humo humo. Akaunti zote mbili zimeongezeka. Basi kuna anayeweka pesa kutoka nje.

Mwenye meno yanayolingana

Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alipata chembe kama 315 katika kila chembe milioni za hewa. Mwaka 2024 wastani wa mlima huo huo ulikuwa umepita 420. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Viputo vya hewa ya kale vilivyofungwa ndani ya barafu ya Antaktika vinaturudisha miaka 800,000 nyuma, katika enzi zote za barafu na joto, na katika muda huo wote kiwango hakikupita 300 hivi. Huo mzunguko wa asili unaousema, rekodi yake tunayo. Sasa tumetoka nje ya ukurasa.

"Sawa, imeongezeka, lakini nani kasema ni sisi?" Kaboni yenyewe imesema. Mimea hupendelea kaboni nyepesi, na makaa ya mawe na mafuta ni mimea na viumbe vya zamani waliozikwa. Tena wamezikwa muda mrefu hivi kwamba kaboni 14 yao, ambayo nusu yake huisha kila miaka 5,730, imekwisha kabisa. Kwa hiyo ukichoma vitu hivyo, hewa itajaa kaboni nyepesi isiyo na kaboni 14. Hans Suess aliona dalili hii kwenye pete za miti na kuichapisha mwaka 1955. Volkeno haitoi saini hiyo. Bahari nayo haiwezi kuwa ndiyo inayotoa, kwa sababu inazidi kuwa na asidi: inaimeza gesi hiyo, haiitapiki. Kisha hesabu ya kawaida ya duka: tunachoma na kutoa tani kama bilioni 37 kwa mwaka, na kinachoonekana kuongezeka hewani ni karibu nusu yake. Nusu nyingine imemezwa na misitu na bahari. Asili si mshukiwa hapa. Asili ndiye jirani anayetusaidia kubeba.

"Lakini hewa ya ukaa huja baada ya joto!"

Hii ndiyo hoja ya wajanja. Wameona kwamba kwenye barafu ya Antaktika, zamani joto lilianza kupanda na hewa ya ukaa ikafuata karne kadhaa baadaye. Basi wanashangilia: joto ndilo huleta gesi, gesi hailеti joto.

Kuku hutoka kwenye yai. Je, hiyo inathibitisha kwamba kuku hatagi? Zamani mwendo wa dunia ulianza kupasha joto kidogo, bahari ikatoa gesi, gesi ikaongeza joto, joto likatoa gesi zaidi. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe, na kila aliyewahi kuweka maikrofoni mbele ya spika kanisani anajua mlio wake. Safari hii tumeanza na gesi badala ya kuanza na joto. Mlio ni ule ule.

Na hapa ndipo hoja ya mzunguko wa asili inapomgeuka mwenyewe. Kama badiliko dogo la jua la kiangazi liliweza kugeuza Sahara kuwa malisho na kuijaza Turkana kwa karibu mita 100, hiyo si habari ya kukutuliza. Inakuambia mfumo huu ni mwepesi kusukumwa. Mtu akikuambia ngazi ile iliwahi kuanguka kwa upepo tu, huondoki pale ukaipige teke.

"Data zimepikwa"

Wakishindwa kwa fizikia wanakuja kwenye uwanja wangu: eti wanasayansi wamechezea data na msimbo. Vizuri, hapa tuzungumze kama watu wa kazi.

NASA ilitoa hadharani msimbo wake wa kukokotoa joto la dunia mwaka 2007. Mwaka huo huo Mkanada Steve McIntyre, mtu mwenye shaka sana, alipata kasoro kweli katika data za Marekani za kuanzia 2000. NASA ikasahihisha. Miaka hiyo ya Marekani ikashuka kwa takriban digrii 0.15, na mstari wa dunia nzima haukusogea kwa kiasi cha kuonekana. Baadaye waandishi wawili wa programu wa Uingereza, Nick Barnes na David Jones, waliuandika upya msimbo wote kwa Python katika mradi wa Clear Climate Code. Wakapata kasoro ndogo ndogo, kama msimbo wowote. Mchoro ukatoka ule ule.

Mwanafizikia Richard Muller wa Berkeley naye hakuwaamini. Akakusanya kundi lake, Berkeley Earth, sehemu ya pesa ikitoka kwa wakfu wa Charles Koch, tajiri wa mafuta ambaye hakuna atakayemwita mwanamazingira. Wakaanza upya na vituo vingi zaidi. Mwaka 2012 Muller akatangaza kwamba joto ni la kweli na karibu lote limeletwa na binadamu.

Na ile data waliyoipenda wapinzani kuliko zote, ya setilaiti za Chuo Kikuu cha Alabama huko Huntsville, iliyoonyesha kwamba angahewa haipati joto la maana? Setilaiti zilikuwa zinateleza njiani na kupima saa tofauti ya siku, na mwaka 2005 Carl Mears na Frank Wentz wakaonyesha kwamba sahihisho la mteleko huo lilikuwa limewekwa alama kinyume. Jumlisha badala ya kutoa! Wenyewe wakakubali na kurekebisha. Sikutaji hili kumcheka mtu. Alama iliyogeuka inaweza kumpata yeyote. Ninasema tu: kasoro iliyokuwepo ilikuwa inaficha joto, haikuwa inalitengeneza.

Na nyinyi wa upande wangu, mtulie kidogo

Kila mafuriko si ya gesi. Mtaro ulioziba kwa mifuko ya plastiki ni mtaro ulioziba. Barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa karibu asilimia 85 kati ya 1912 na 2007, lakini wanasayansi wamebishana sana kuhusu kiasi gani ni joto na kiasi gani ni ukavu wa hewa ulioanza tangu mwisho wa karne ya 19. Ukimwaga kila kitu kwenye kapu moja, unampa mpinzani wako jiwe la kukupiga.

Mfano safi ni ukame wetu wa mwisho wa 2020 hadi mapema 2023. Misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha. Mzunguko wa asili ulikuwepo: La Niña ilikaa miaka mitatu. Lakini kundi la World Weather Attribution lilipopiga hesabu mwaka 2023, lilipata kwamba ukame mkali kiasi hicho ulikuwa umefanywa kuwa rahisi kutokea angalau mara 100 zaidi, hasa kwa sababu joto la ziada lilinyonya maji ardhini na kwenye majani. Mvua chache zile zile, katika dunia ya zamani iliyokuwa baridi kidogo, hazingefika kuitwa ukame wa namna hiyo. Mzunguko ulifunga mfereji. Joto likakausha pipa. Mfugaji wa Marsabit alilipa vyote viwili.

Kwa nini nimekasirika

Kwa sababu huu si ubishi wa kupitisha jioni. "Ni mzunguko tu" ina kazi inayoifanya, na inaifanya dhidi yetu.

Kwanza, mzunguko hurudi ulipotoka. Anayeamini hivyo atajenga tena pale pale mtoni, na atachimba mtaro kwa kipimo cha mvua za enzi ya babu. Hewa yenye joto hubeba unyevu zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila digrii. Kipimo cha babu hakirudi.

Pili, na hili linauma: Afrika nzima, yenye karibu mtu mmoja katika kila watu watano duniani, hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa ya kila mwaka. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, baada ya miaka mingi ya kuvutana, nchi zilikubali kuanzishwe mfuko wa kuwasaidia wanaoumia na hasara hizi. Fidia hudaiwa kwa aliyesababisha. Asili haishitakiwi. Kwa hiyo Mkenya anayesimama na kusema "hii ni asili tu" amechukua hati ya deni ambalo yeye ndiye anayedai, akaichana mbele ya mdaiwa. Tena bure, bila hata kuombwa.

Sisemi uamini kwa sababu wanasayansi wengi wamesema. Kura haitengenezi fizikia. Nasema ukague. Data za Mauna Loa, za NASA, za Argo na za Berkeley ziko wazi, unazipakua bila malipo, na ukijua Python kidogo utachora mistari hiyo jioni moja.

Na kama bado unao mzunguko mwingine, karibu. Lakini ulete jina lake, urefu wake kwa miaka, mahali unapolitoa joto, na sababu ya stratosfia kupoa huku bahari ikipata joto. Ukikosa hata kimoja, basi hujaleta mzunguko. Umeniambia tu kwamba seva huwa zinaanguka.